Maji kwenye miguu ya abiria: klima ilitoka wapi mpaka kufika Bunia

Leo tuongee juu ya ile maji inamwagikaga ndani ya motokari, pale abiria wa mbele anaweka miguu. Bunia nzima utasikia: "Klima imekufa." Halafu mwenye gari analipia gazi mpya, na kisha siku mbili tapi inaloa tena. Mara nyingi klima haijakufa hata kidogo. Inafanya kazi ile ile iliyotengenezewa mwaka wa 1902.

Mwaka ule, Brooklyn, New York, kulikuwa imprimeri moja, Sackett-Wilhelms, iliyochapa picha za rangi. Kila rangi ilipita juu ya karatasi kwa zamu yake. Wakati hewa ilikuwa na unyevu mingi, karatasi ilivimba kidogo, na rangi ya pili haikuangukia tena juu ya ile ya kwanza. Injinia kijana wa miaka 25, Willis Carrier, akachora mashine ya kupitisha hewa juu ya tiyo za baridi, ili unyevu ugeuke matone na kubaki pale. Hakuwa anatafuta kuburudisha watu. Alitaka kukausha hewa. Baridi ilikuwa njia tu. Angalia chupa ya bia iliyotoka kwenye frigo: ukiiweka mezani inatoa jasho, lakini ile maji haikutoka ndani ya chupa. Imetoka hewani.

Kuingiza mashine hiyo ndani ya motokari kulichukua muda. Kampuni ya Packard ya Marekani ilionyesha yake mwaka wa 1939, kwa gari za 1940, na bei yake ilikuwa dola 274, pesa nyingi sana kwa siku zile. Mashine ilikula nafasi kubwa nyuma, kwenye kofre, na tiyo ndefu zilitoka kwa moteri mpaka kule. Mkanda wake ulizungusha kompreseri bila kupumzika, maana hakukuwa kifaa cha kuikata. Kisha 1941 wakaiacha. Ni Nash, mwaka wa 1954, iliyopanga vyombo vyote mbele, chini ya kapo na nyuma ya tabloo. Ikawa ndogo, ikawa na bei nafuu, na gari nyingi za leo zimefuata mpango ule.

Hapo ndipo shida yetu ilizaliwa. Evaporateri, yaani ile radiateri ndogo ya baridi inayokamua maji kutoka hewani, sasa inakaa karibu na magoti ya watu. Chini yake kuna sinia, na kwenye sinia kuna katiyo kamoja ka mpira, karibu unene wa kidole, kanapita ukuta wa moteri na kumwaga maji nje. Ni kenyewe tu. Kakizibwa, maji inatafuta njia ingine, na njia ya karibu ni tapi yako.

Sasa Bunia. Mji wetu uko kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,200, joto si ile ya Kisangani. Kwa maoni yangu, hapa watu hawakupenda klima juu ya joto. Waliipenda juu ya vumbi. Kisha vita, mwaka wa 2003 na kuendelea, tulizoea kuona jeep nyeupe za MONUC na za mashirika zikipita na vioo vimefungwa, sisi tukibaki nyuma ndani ya wingu jekundu. Halafu zikaja gari za mtumba kutoka Japani: zinashuka Mombasa, zinapita Uganda, zinaingia kwa Mahagi ao Aru. Karibu zote ziko na klima. Lakini vumbi ya Ituri, ikikutana na evaporateri yenye maji, inakuwa matope, na matope inaziba katiyo. Wakati wa mvua, tope la barabara ya Komanda linakaziba kutoka upande wa nje.

Kuna jambo lingine linawachanganya mafundi. Gari la Japani liko na usukani kuume, basi evaporateri iko kushoto. Jeep za mashirika nyingi ni kinyume. Mutu aliyejifunza kwa jeep anaingia chini ya gari upande mubaya, haoni katiyo, anasema hakapo.

Kwanza jua ni maji gani. Kama haina rangi wala harufu, ni ya klima. Kama inanata, iko na rangi na inanukia tamutamu, hiyo ni ya radiateri ya joto, kazi tofauti kabisa. Kama inaingia hata klima ikiwa imezimwa, kisha mvua tu, angalia mpira wa kioo. Halafu washa klima dakika 15 na uchungulie chini: ikiwa hakuna tone, katiyo kamezibwa. Kazibue kutoka chini na waya laini, polepole, na usimame pembeni, juu maji itakurukia usoni.

Gazi haihusiki, ila kama ilipungua mpaka evaporateri ikaganda barafu, ambayo baadaye inayeyuka kwa wingi. Hata hapo, tafuta kwanza inapotokea. Gazi ya zamani, R12, ilitoboa ozoni, na mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuiondoa. R134a iliyoishika nafasi haigusi ozoni, lakini inapasha dunia joto, na ni hapa jirani, Kigali, mwezi wa 10 mwaka wa 2016, mataifa yalikubaliana kupunguza gazi za namna hiyo. Kuiachilia hewani bure ili kutibu katiyo ka mpira ni hasara mara mbili.

Mukimaliza, toeni tapi yote na kuianika juani, pamoja na sponji ya chini. Ndani ya gari nyingi, nyaya zinapita pale pale, na bati la sakafu linaanza kuoza kabla hamjasikia harufu.