Ubatizo Kibera na Kawangware

Ubatizo ni ibada ya maji ambayo kwayo mtu huingizwa katika Kanisa la Kristo. Neno lilitoka katika Kigiriki, ambako kitenzi chake kilimaanisha kuchovya au kuzamisha, na limetulia katika Kiswahili hata anayepachikwa jina la utani mtaani husemwa amebatizwa. Fasili hii fupi ingetosha kama Wakristo wote wangekuwa wa dhehebu moja. Katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, ambako makanisa matatu ya mabati yanaweza kufuatana ndani ya uchochoro mmoja, fasili hiyo huanza kupingwa Jumamosi asubuhi Wasabato wakiwa ibadani, na Jumapili jioni ubishi bado haujaisha.

Yohana alibatiza katika mto Yordani, na Yesu mwenyewe akaingia majini. Paulo, akiwaandikia Warumi, aliufananisha ubatizo na kuzikwa na kufufuka pamoja na Kristo. Wakristo wa baadaye walikusanya humo maana nyingine pia: kuoshwa dhambi, kuzaliwa upya, kupokea Roho Mtakatifu, kuwa mtu wa nyumba ya Mungu. Lakini kwa msomaji wa Afrika, kisa chenye uzito zaidi kiko katika sura ya 8 ya Matendo ya Mitume. Afisa wa malkia wa Ethiopia, towashi, anasafiri garini na Filipo. Wanapita penye maji, naye anauliza kuna kizuizi gani asibatizwe. Filipo hakutaja hata kimoja. Waliomfuata Filipo walitaja vingi, na anayetaka kuelewa ubatizo una maana gani kwa watu wa Kibera na Kawangware afadhali aanze na orodha ya vizuizi hivyo.

Cha kwanza ni maji yenyewe. Kibera kulikuwa na msitu, na jina lake ni la Kinubi lenye maana hiyo hiyo. Askari Wanubi wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles walipewa makazi hapo mwanzoni mwa karne ya 20, nao walikuwa Waislamu. Ukristo ulikuja baadaye, ukibebwa na wahamiaji kutoka Nyanza, Magharibi na Ukambani. Mji ulikua, mabomba hayakuufuata. Mpaka leo kaya nyingi hununua maji kwa mtungi wa lita 20, na bei hupanda mfereji ukikauka. Mchungaji wa kanisa dogo anayeamini ubatizo wa maji mengi, yaani wa kuzamishwa mwili mzima, ana hesabu ya kupiga. Tangi la kumtosha mtu mzima humeza mitungi mingi. Mto Ngong na vijito vyake vimejaa maji taka. Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 na ambalo zamani watu waliendeshea mashua za tanga, limevamiwa na gugu-maji na takataka. Kwa hiyo waumini huchangishana nauli, wakaenda kwenye kidimbwi cha kuogelea cha kukodi au kwa kanisa lingine lenye birika la ubatizo, wakiwa na nguo za kubadilisha kwenye mifuko.

Shida hii si ngeni. Didake, kitabu cha mafundisho cha Wakristo wa mwanzo kabisa, kinaagiza watu wabatizwe katika maji yanayotiririka. Yakikosekana, maji mengine. Baridi yakikosekana, ya moto. Na yote yakiwa haba, inatosha kumiminia kichwani mara tatu. Walioandika hayo walikuwa wakijua ukame. Wakatoliki, Waanglikana na Wapresbiteri, wanaomimina au kunyunyiza, husimama kwenye ruhusa hiyo ya mwisho. Wabaptisti, Wasabato na Wapentekoste husimama kwenye maana ya kitenzi cha Kigiriki: aliyenyunyiziwa, wanasema, hajazikwa. Papa Francis alipotembelea parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi huko Kangemi, jirani ya Kawangware, tarehe 27 Novemba 2015, hakuzungumzia birika la ubatizo. Alisema kuinyima familia maji kwa visingizio vya ofisini ni dhuluma. Wenyeji walielewa vizuri anachosema.

Kizuizi cha pili ni umri. Katika parokia ya Kikatoliki kama Kristo Mfalme ya Laini Saba, Kibera, mtoto mchanga huletwa na wazazi na msimamizi wake wa ubatizo. Hupakwa mafuta, humiminiwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, hupakwa krisma, huvikwa kitambaa cheupe, na mshumaa wake huwashwa kutoka ule wa Pasaka. Padri huuliza kama wazazi wanajulikana katika jumuiya ndogondogo, zile kaya za jirani zinazosali pamoja, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizifanya msingi wa Kanisa tangu mkutano wao wa mwaka 1973. Asiyejulikana jumuiyani atasubiri. Hapo ubatizo si jambo la mtoto na Mungu peke yao. Majirani wa ploti ni mashahidi. Mtu mzima hupitia katekesi kwa miezi mingi na aghalabu hubatizwa katika Mkesha wa Pasaka. Katika hatari ya kifo, hata hivyo, sheria zote hulegea: muuguzi yeyote, hata asiye Mkristo, anaweza kubatiza akiwa na maji na nia ya kufanya linalofanywa na Kanisa.

Kwa Mpentekoste wa uchochoro wa pili, mtoto huyo bado hajabatizwa. Kwao mchanga huwekwa wakfu kwa maombi, basi. Ubatizo unangoja siku atakapookoka na kulikiri hilo kwa kinywa chake. Ugomvi huu haumaliziki kwa kuonyeshana aya, kwa sababu kila upande unajibu swali tofauti. Mmoja unauliza Mungu amefanya nini kabla mtu hajajua. Wa pili unauliza mtu ameamua nini baada ya kujua.

Kinachofuata ni ubatizo wa pili, na hapa mitaa hii inarudia mzozo wa Afrika wenye miaka karibu 1,800. Katika miaka ya 250, Sipriani, askofu wa Karthago, alishikilia kwamba waliobatizwa na wazushi wabatizwe wanapoingia Kanisani. Stefano, askofu wa Roma, akasema kuwekewa mikono kunatosha. Roma ilishinda, na makanisa ya zamani yanafundisha kwamba ubatizo ni mmoja tu. Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilipokutana Nairobi mwaka 1975 katika Jumba la Kenyatta, liliyaomba makanisa wanachama yatoe maoni juu ya andiko la kutambuliana ubatizo. Kazi hiyo ilizaa tamko la Lima la mwaka 1982. Makanisa mengi ya mabati hayakuwa mezani. Huko, anayehama hubatizwa tena, na kwa macho ya mchungaji wake mpya hakuna "tena": ndiyo mara ya kwanza.

Mfano mashuhuri uligusa Kibera moja kwa moja. Raila Odinga, mbunge wa Lang'ata, jimbo lililokuwa na Kibera ndani yake, alikuwa Waziri Mkuu mwaka 2009 alipozamishwa na mhubiri David Owuor katika kidimbwi cha kuogelea jijini. Alikuwa Mwanglikana aliyebatizwa utotoni. Je, ule wa kwanza ulikuwa nini? Alipofariki Oktoba 2025, ibada ya mazishi yake Bondo iliongozwa na Waanglikana, na huenda hilo ni jibu la kutosha.

Ubatizo wake wa utotoni nao ulikuwa na kisa. Baba yake, Jaramogi Oginga Odinga, alitaka wanawe wabatizwe kwa majina ya Kijaluo. Kanisa la wakati huo liliona jina la Kikristo ni jina la Kizungu au la Biblia, na kasisi hakukubali kirahisi. Jaramogi hakurudi nyuma, na Oburu na Raila wakaingia Kanisani bila John wala Peter. Kisa hicho amekisimulia mwenyewe katika Not Yet Uhuru, kitabu chake cha mwaka 1967. Kilomita chache magharibi ya Kawangware, kwenye misheni ya Waskoti huko Thogoto, kijana Kamau alikuwa amebatizwa Agosti 1914. Alitaka aitwe John Peter; alipoambiwa achague moja, akaunganisha John na jiwe, ambalo ndiyo maana ya Petro, akawa Johnstone. Baadaye aliliacha, dunia ikamjua kama Jomo Kenyatta. Anayedhani jina la ubatizo ni pambo tu ajiulize kwa nini wanasiasa wawili wakubwa wa Kenya walihangaika nalo hivyo.

Kizuizi kilichoumiza watu wengi zaidi ni ndoa. Mwaka 1888 maaskofu wa Anglikana, wakiwa Lambeth, waliamua mume wa wake wengi asibatizwe mpaka aache hali hiyo, ingawa wake zake waliweza kubatizwa wakati mwingine. Wazee wengi wa Nyanza walibaki mlangoni wakisikiliza nyimbo, kwani kuacha wake kulikuwa kuwatupa mama na watoto. Legio Maria, kanisa lililochipuka kwa Wajaluo mwanzoni mwa miaka ya 1960 likiongozwa na Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, liliwafungulia. Kanzu zao za rangi na rozari huonekana Kibera kila wiki. Waanglikana walibadilika mwaka 1988, pale Lambeth hiyo hiyo ilipokubali mwenye wake wengi abatizwe pamoja na wake na watoto walioamini, kwa sharti asiongeze mke na jamii yake iridhie. Sauti ya askofu David Gitari wa Kenya ilisikika sana katika uamuzi huo. Miaka 100 kamili: ni muda mrefu mno wa kumsimamisha mtu mlangoni.

Upande wa Kawangware mlango ulifungwa kwa sababu nyingine. Mwaka 1929 misheni za Ukikuyuni ziliwataka waumini waweke kirore, alama ya kidole gumba, kukana tohara ya wanawake. Waliokataa walijikuta nje, watoto wao bila shule na bila ubatizo. Walianzisha shule na makanisa yao, lakini kasisi wa kubatiza hawakuwa naye. Mwaka 1935 walimleta askofu mkuu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini, akabatiza na kufundisha makasisi. Kwa njia hiyo Waorthodoksi Waafrika wa Kenya walizaliwa, wakapokewa chini ya Patriarki wa Aleksandria mwaka 1946. Mwaka 1971 Askofu Mkuu Makarios III, rais wa Cyprus, ambaye Waingereza walikuwa wamempeleka uhamishoni Shelisheli wakati Wakenya wakijaa vizuizini, alikuja akabatiza maelfu. Seminari yenye jina lake iko Riruta, mwendo mfupi kutoka stendi ya Kawangware 46. Waorthodoksi huzamisha mtoto mara tatu, humpaka krisma papo hapo na kumpa ushirika akiwa bado ananyonya. Kwa hiyo hoja kwamba kuzamisha ni kwa watu wazima tu haina mashiko kwa wakazi wa Riruta.

Wako pia wanaosema maji si lazima kabisa. Kawangware ina Waluhya wengi, na Uluhyani ndiko Marafiki, yaani Waquaker, walikofungua misheni ya Kaimosi mwaka 1902. Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi yoyote duniani. Hao hawabatizi kwa maji. Kwao ubatizo ni kazi ya Roho ndani ya moyo. Jeshi la Wokovu, lililoingia Kenya mwaka 1921, huapisha askari chini ya bendera pasipo birika. Baadhi ya makundi ya Wakorino, wale wenye vilemba vyeupe, nao hutegemea Roho na kuwekewa mikono. Msichana wa Kirafiki akiolewa kwa Mkatoliki, padri atamhesabu kuwa hajabatizwa, na ndoa itahitaji kibali cha askofu. Wazazi wake, waliosali maisha yao yote, hulipokea neno hilo kwa uchungu.

Mwisho kuna karatasi. Kadi ya ubatizo imetumika Kenya kama mojawapo ya ushahidi wa umri kwa anayeomba kitambulisho, na shule kadhaa za kanisa huiulizia. Mabanda ya Kibera huungua mara kwa mara, na kadi huungua nayo. Lakini kwa Wakatoliki kadi ni nakala tu. Rekodi yenyewe imo katika daftari la parokia ya ubatizo, na kipaimara, ndoa au daraja la upadri huongezwa pembeni mwa mstari huo huo, popote mtu alipohamia. Anayefunga ndoa Mombasa au Toronto hutakiwa kuleta cheti kilichotolewa karibuni kutoka kwenye daftari hilo. Aliyebatizwa Laini Saba na kupoteza kadi aende ofisi ya parokia akiwa na jina lake kamili, majina ya wazazi na ya msimamizi, na mwaka wa ubatizo. Akiujua na mwezi, mstari wake hupatikana upesi.