Kutoka Kolo hadi Madina: Maziwa ya Mama na Kupishanisha Watoto

Bibi harusi, somo wako keshakwambia, "Ukinyonyesha hushiki mimba"? Maneno hayo ni ya kale, na yana ukweli nusu.

Tuanzie Kolo, Kondoa. Michoro ya miambani ya huko iliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mingi ni kazi ya wawindaji na wachuma matunda. Kwa watu wanaoishi hivyo hakuna uji wa nafaka wala maziwa ya ng'ombe. Mtoto hutegemea ziwa la mama. Mwaka 1980, Melvin Konner na Carol Worthman walieleza maisha ya namna hiyo kwa Wakung wa Kalahari: mtoto hunyonya kidogo kidogo, mara kadhaa kwa saa, na usiku pia. Watoto wao walipishana karibu miaka minne. Kunyonya mfululizo hutuliza homoni zinazopevusha yai.

Ukulima na ufugaji ukaleta uji na maziwa ya mnyama. Mtoto akinyonya mara chache, hedhi hurudi mapema. Ndipo watu wakashika miiko, na mama aliyebeba mimba mapema akalaumiwa kuwa "kambemenda" mtoto.

Hofu hiyo ilikuwepo hata Arabuni. Bi Judama bint Wahb (r.a.) amepokea, katika Sahih Muslim, kuwa Mtume (s.a.w.) alikusudia kukataza kumuingilia mke anayenyonyesha, kisha akaona Warumi na Waajemi wanafanya hivyo na watoto wao hawadhuriki. Hakukataza. Na Qur'ani, Al-Baqara aya ya 233, inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha.

Mwaka 1988 wataalamu walikutana Bellagio, Italia, wakakubaliana: kinga hufikia asilimia 98, kwa masharti matatu yote pamoja. Mtoto hajatimiza miezi sita, ananyonya maziwa ya mama pekee au karibu pekee, mchana na usiku, na hedhi haijarudi.

Sharti moja likivunjika, usingoje. Yai laweza kutoka kabla ya hedhi ya kwanza, ukashika mimba hujaona hata tone. Zungumza na mumeo, mwende kliniki pamoja. Na dada yako akibeba mimba huku ananyonyesha, msaidie, usimsengenye.

Wallahu a'lam.