Figure na Kazi Ndogo za Novemba

Ukienda kununua gari pale Ngong Road, muuzaji atakutajia nguvu za farasi kabla hata hujaketi ndani. Kipimo hicho kilienezwa na James Watt, Mskoti aliyetaka wateja wake waelewe injini yake ya mvuke ingefanya kazi ya farasi wangapi. Kipimo kikabaki, farasi wenyewe tukawasahau. Hebu tumwongelee mmoja. Jina lake Figure, alizaliwa mwaka wa 1789 huko Massachusetts, Marekani, akafanya kazi karibu maisha yake yote kwenye mashamba madogo ya Vermont.

Figure hakuwa mkubwa. Kimo chake begani kilikaribia sentimita 142 tu. Inasemekana mwenyewe, Justin Morgan, mwalimu na mtunzi wa nyimbo za kanisa, alimpata kama malipo ya deni. Kisha akamkodisha kwa mkulima mmoja kwa dola 15 kwa mwaka, avute magogo msituni. D. C. Linsley, aliyeandika historia ya farasi hawa mwaka wa 1857, anasimulia kwamba jioni moja Figure alivuta gogo lililoshinda farasi wakubwa, tena wanaume watatu wakiwa wamelikalia. Dau lilikuwa galoni moja ya pombe. Pombe, bila shaka, hakunywa yeye.

Hadithi kama hizo ndizo zinazopenda kusimuliwa. Lakini farasi haishi kwa mashindano. Anaishi kwa kazi ndogo ndogo za kila siku, na huko Vermont mwezi wa kupima kazi hizo ni Novemba.

Sisi huku tuna mvua na jua. Wao Novemba wana kitu katikati: majani yote yamepukutika, theluji bado haijatua, na milima imebaki vijiti vitupu. Ndio wakati wa kuhesabu nyasi kavu ghalani. Farasi wa kilo 450 hula karibu kilo 9 kwa siku. Piga hesabu ya siku 180 bila malisho ya kijani: kilo 1,620, na huyo ni farasi mmoja tu. Ukikosea Novemba, utalia Machi. Na si kujaza ghala tu. Nyasi zikifungwa zikiwa na unyevu hupata joto zenyewe kwa ndani, hadi zinaweza kuwasha moto na kuteketeza banda zima.

Kuna samadi ya kuzolewa kila asubuhi, zaidi ya kilo 20 kwa kila farasi. Kuna kwato za kuchokoa, na mhunzi wa kuitwa aje ang'oe viatu vya chuma au aweke vyenye meno ya kushika barafu. Kuna mbao za banda za kupigilia misumari kabla upepo haujapata upenyo. Na kuna maji: baridi ikianza, barafu hutanda juu ya ndoo, na farasi asiyekunywa vya kutosha huziba tumbo na anaweza kufa.

Raha zake nazo ni za bei nafuu. Siku zikifupika, farasi huota manyoya mazito, na ukipenyeza vidole humo asubuhi unakuta joto kama la chai. Nyasi anazotafuna zinachachuka tumboni na kumpasha mwili kutoka ndani, kwa hivyo banda lenye farasi walioshiba lina jiko lake. Kuna harufu ya nyasi za Julai ikifunguliwa Novemba, na ile sauti ya kutafuna gizani, polepole, ya mnyama asiye na wasiwasi.

Figure alinyimwa hayo mwishoni. Alipita mikononi mwa wenyeji wengi, kila mmoja akimtumia kidogo, na uzeeni, zaidi ya miaka 30, akafika shamba moja la Chelsea. Linsley anaeleza kwamba majira ya baridi ya 1821 alipigwa teke na farasi mwenzake ubavuni. Aliachwa nje uani bila paa, kidonda kikavimba, akafa. Kabla ya hapo, asema, alikuwa mzima kabisa. Si uzee uliomuua, bana. Ni kukosa banda.

Heshima zikaja baadaye. Kila farasi wa jamii ya Morgan leo ana damu yake. Askari wa Vermont waliwapanda wazao wake katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka wa 1907 tajiri Joseph Battell aliipa serikali ya Marekani shamba lake la Weybridge wazalishwe humo, na mwaka wa 1951, jeshi likiwa halihitaji farasi tena, likawa la Chuo Kikuu cha Vermont. Mwaka wa 1921, miaka 100 baada ya kifo chake, alisimamishiwa sanamu ya shaba.

Sanamu hiyo inasimama nje mwaka mzima, mvua na theluji, na haidhuriki. Wazao wake waliomo mabandani wanahitaji kitu kingine. Novemba hii tena mtu atatoka na taa usiku, avunje barafu kwenye ndoo, aongeze nyasi, apapase shingo yenye manyoya, kisha afunge mlango vizuri.