Pikapu ya Darajani na Mafundi Walioanzisha Biashara Yake

Mpiga gita la umeme anayetaka kuitoa pikapu ya darajani na kutia nyingine mahali pake hukuta mbele yake aina nyingi hata akili ikataharuki. Nami sioni njia ya kumwondolea mashaka iliyo bora kuliko kumweleza jinsi biashara hii ilivyozaliwa, kwani kila tofauti anayotakiwa aichague leo, ya sumaku, ya waya na ya mizunguko, ilikuwa hapo awali jawabu la fundi fulani kwa taabu iliyomkabili.

Taabu ya kwanza ni ya mahali penyewe. Uzi uliofungwa ncha mbili hutikisika sana katikati na kidogo mno karibu na kifungo chake, na kwa kuwa kazi ya pikapu ni kuugeuza mtikisiko huo kuwa umeme, kwa sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, ile iliyowekwa karibu na daraja hutoa sauti ndogo, kali na nyembamba, ijapokuwa ndiyo sauti isikikayo vyema ngoma na tarumbeta zinapopamba moto. Fundi Leo Fender wa Fullerton, California, katika gita alilolitoa mwaka 1950 ambalo baadaye liliitwa Telecaster, aliilaza pikapu hiyo mshazari, nyuzi nene zinaswe mbali kidogo na daraja na nyembamba zinaswe karibu, na chini yake akabandika bamba la chuma. Na sauti ya gita hilo ingali yatafutwa hata leo.

Taabu ya pili ilikuwa mvumo wa umeme wa majumbani, ambao msokoto mmoja wa waya huunasa pamoja na muziki. Seth Lover, fundi wa redio aliyeajiriwa na kampuni ya Gibson huko Kalamazoo, Michigan, aliweka misokoto miwili ubavu kwa ubavu, sumaku na mizunguko yake ikielekezwa kinyume, hata mvumo ukajifuta wenyewe na sauti ya nyuzi ikabaki. Maombi ya hataza yalipelekwa mwaka 1955, nayo ikatolewa mwaka 1959. Na katika muda huo wa kungoja na hata baadaye, pikapu hizo zilibandikwa kijikaratasi cha kuarifu kwa Kiingereza kwamba hataza imeombwa (Patent Applied For), ndipo zikajulikana kwa herufi P.A.F. Mashine za kusokotea za siku zile hazikuwa na hesabu ya uhakika, na sumaku zilitiwa za aina yoyote iliyopatikana, kwa hiyo hapana mbili zilizolingana kabisa. Mimi naamini kwamba kutolingana huko kumefanya kazi kubwa kuliko tangazo lolote, kwa maana wapigaji walianza kusikia kuwa gita hili limelizidi lile la aina moja nalo, wakauliza sababu, na sababu wakaiona chini ya nyuzi.

Miongoni mwa waliouliza alikuwa Seymour Duncan, kijana wa New Jersey, ambaye pikapu ya gita lake ilipoharibiwa na rafiki aliisokota upya kwa kutumia kisahani cha gramafoni kilichozunguka. Lakini aliyetangulia kuifanya biashara alikuwa Larry DiMarzio wa New York, aliyetoa mwaka 1972 pikapu iitwayo Super Distortion, yenye sumaku ya kauri na waya mwingi, iliyokusudiwa kuisukuma amplifaya hata ikwaruze. Mtu aliyenunua gita dukani aliweza sasa kulibadili sauti kwa bisibisi na chuma cha kulehemu.

Duncan naye, alipokuwa London mwanzoni mwa miaka ya 1970, alimtengenezea mpigaji Jeff Beck gita la Telecaster lenye pikapu za Gibson zilizotoka katika gita bovu, na kutokana na kazi hiyo ilizaliwa pikapu ya darajani iitwayo JB. Waya wa JB ni mwembamba mno, hata kipimo cha ukinzani wake hufika omu elfu 16, ilhali P.A.F. hukaribia elfu 8 na Super Distortion elfu 13 na zaidi. Walakini Super Distortion haishindwi na JB kwa nguvu. Basi anayechagua kwa kutazama tarakimu hiyo peke yake anapima unene na urefu wa waya, hapimi sauti.

Mpigaji Eddie Van Halen naye alitia P.A.F. darajani mwa gita la umbo la Fender, na kwa kuwa nyuzi za Fender zimeachana zaidi kuliko za Gibson, aliipindisha kidogo ili ncha za chuma zielekee nyuzi. Fauka ya hayo aliichovya katika nta ya parafini iliyoyeyushwa, waya usicheze ndani na kupiga mluzi. Lover mwenyewe hakutia nta, na Duncan alipotoa mwaka 1994 pikapu yenye jina la Seth Lover, aliyekuwa angali hai, aliacha nta vilevile. Sauti yake ni ya wazi na yenye hewa, na apigaye kwa sauti kuu mbele ya amplifaya ataisikia ikilia mluzi.