Makofi hupigwa saa ngapi?

Wadau, hapa bwenini kuna ubishi hauishi: ukienda kusikiliza okestra, unapiga makofi saa ngapi? Wanaojifanya wajuzi wanasema simfoni huwa na vipande kama vinne, na ukipiga kabla ya kile cha mwisho wewe ni mshamba. Haya, tuiulize historia.

Paris, Juni 1778. Mozart, kijana wa miaka 22, anatoa simfoni mpya. Ndani ya kipande cha kwanza ameweka sehemu anayojua itawapagawisha watu. Kweli bwana, makofi yakalipuka muziki ukiwa bado unapigwa! Alinuna? Wapi! Julai 3 alimwandikia baba yake akijisifia, akaongeza kwamba onyesho lilipoisha alienda kula aiskrimu kwa furaha.

Vienna, Desemba 1813, Beethoven alipozindua Simfoni ya Saba, kipande cha pili kiliwakuna wasikilizaji mpaka ikabidi kirudiwe.

Kumbe ule ukimya wa chumba cha mtihani ni desturi iliyozoeleka polepole baadaye, karne ya 19 kuingia ya 20. Si mbaya, maana sehemu laini zinasikika vizuri. Ila kumcheka mgeni aliyeguswa akapiga makofi "mapema" ni kumfukuza asirudi tena, na yeye kafanya kilekile kilichomfurahisha Mozart mwenyewe. Sasa hapo mshamba nani? Nasubiri majibu yenu.