Mpelelezi, Golemu na Uzushi wa Damu

Mpelelezi binafsi wa Kiyahudi anayepambana na nguvu za giza katika mitaa ya usiku ni mhusika wa hadithi za upelelezi. Insha hii inajenga hoja kwamba mizizi yake iko Ulaya ya Mashariki, na kwamba palikuwa na sababu ya kihistoria ya kumbuni: Wayahudi walishtakiwa kwa uhalifu wa kichawi ambao hawakuutenda, wakahitaji mtu wa kuufukua ukweli.

Tuanze na shtaka lenyewe. Kijana William aliuawa Norwich, Uingereza, mwaka 1144. Wayahudi wa mji huo walisingiziwa kwamba walimuua kwa ibada. Uzushi huo ulienea Ulaya, na katika karne iliyofuata ukaongezewa kwamba Wayahudi hutumia damu ya watoto wa Kikristo. Torati yenyewe inakataza kula damu, hata ya mnyama. Papa Innocent wa Nne aliukana uzushi huo mwaka 1247, lakini haukufa. Mwaka 1899 huko Polná, Bohemia, Myahudi maskini aitwaye Leopold Hilsner alihukumiwa kifo kwa mauaji ya msichana Anežka Hrůzová. Profesa Tomáš Masaryk, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Chekoslovakia, aliupinga waziwazi uzushi uliozunguka kesi hiyo. Adhabu ilipunguzwa, lakini Hilsner alikaa gerezani hadi 1918.

Katika mazingira hayo ndipo Rabi Yudl Rosenberg wa Polandi alipochapisha, mwaka 1909, kitabu kuhusu Rabi Judah Loew wa Prague, aliyefariki mwaka 1609. Rosenberg alidai kwamba amepata hati ya kale. Wanahistoria wanakubaliana kwamba aliitunga mwenyewe. Golemu, kiumbe wa udongo anayepewa uhai, alikuwamo katika masimulizi ya Kiyahudi tangu zamani. Jipya ni kazi aliyopewa. Golemu wa Rosenberg ni bubu, na hupiga doria usiku kabla ya Pasaka, akikagua mizigo ili kuwanasa watu wanaoficha maiti za watoto katika nyumba za Wayahudi. Rabi naye hukusanya ushahidi na kuupeleka mbele ya wakubwa. Kwa maneno mengine, rabi ni mpelelezi na golemu ni msaidizi wake. Kwamba Rosenberg aliifahamu fasihi ya upelelezi si jambo la kukisia: kitabu chake cha 1913 kiliazima kisa kutoka kwa Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Sherlock Holmes.

Miaka miwili baada ya kitabu cha golemu, historia ilifanana na hadithi. Machi 1911, maiti ya mvulana wa miaka 13, Andrei Yushchinsky, ilipatikana pangoni mjini Kyiv. Mendel Beilis, Myahudi aliyefanya kazi katika kiwanda cha matofali, alikamatwa. Mpelelezi wa polisi Nikolai Krasovsky, ambaye hakuwa Myahudi, alifuata nyayo zilizomfikisha kwenye genge la wezi lililokutana nyumbani kwa Vera Cheberyak. Ukweli huo haukuwafurahisha wakubwa. Krasovsky aliondolewa kazini, akaendelea kuchunguza kwa hiari yake. Beilis alikaa gerezani zaidi ya miaka miwili, hadi alipoachiwa huru mwaka 1913. Hata hivyo, jopo lililomwachia lilikubali pia kwamba mauaji yalifanyika katika eneo la kiwanda hicho. Mtu aliokolewa, uzushi ukabaki hai.

Sura ya giza ya hadithi hizi ilitoka Berlin. Mwaka 1920 Paul Wegener na Carl Boese walitengeneza filamu kuhusu golemu, na mpigapicha wake alikuwa Karl Freund, Myahudi aliyezaliwa Bohemia. Vivuli vizito na kuta zilizopinda za filamu za Kijerumani za wakati ule vilichangia mtindo wa filamu za uhalifu za Hollywood. Baadhi ya walioubeba mtindo huo, kama Billy Wilder na Robert Siodmak, walikuwa Wayahudi waliokimbia utawala wa Hitler. Wilder alimpoteza mama yake katika mauaji ya halaiki.

Kwa kuhitimisha, uovu wa kichawi katika historia hii haukuwa wa wale walioshtakiwa. Ulikuwa ndani ya shtaka lenyewe, lililoishi karne nane bila ushahidi. Rosenberg alihitaji mtu wa udongo kulishinda. Krasovsky alitumia mashahidi na nyayo. Jamii inayomsaka mchawi kabla ya kumtafuta mhalifu humwonea asiye na hatia, na wakati huohuo humficha muuaji. Walioachwa bila haki Kyiv walikuwa wawili: Beilis, na mtoto Andrei, ambaye hakuna aliyewahi kuhukumiwa kwa kifo chake.