Hiyo Si Jibu, Hiyo Ni Risiti

Shangazi yangu anauza matunda kando ya stage, katika mji ambao sitautaja jina kwa sababu bado anauza pale pale. Asubuhi moja kanjo walikuja na lori, wakabeba meza, mwavuli na parachichi zote. Walisema kuna sheria mpya ya kaunti inayokataza kuuza karibu na barabara. Sheria yenyewe hakuna muuzaji aliyekuwa ameiona. Jioni Shangazi akanipigia simu.

"Wewe si ulifika chuo? Tuandikie barua."

Chuo nilifika, ila sikumaliza. Karo ilinishinda mwaka wa tatu. Sikumwambia kwamba sijui barua ya aina hiyo huandikwa vipi. Niliandika kurasa mbili za hasira, wauzaji 31 wakatia sahihi, nikazipeleka kwenye bunge la kaunti. Mfanyakazi aliyezipokea alisoma aya ya kwanza, akacheka kidogo, akanirudishia. "Haya ni matusi, kijana. Petisheni ina mpango wake."

Nilirudi nyumbani nikitafuta huo mpango. Nilidhani nitapata fomu ya kujaza. Badala yake nikajikuta nasoma historia ya miaka mia moja ya watu waliopeleka maombi Nairobi, na yale yaliyowapata.

Hebu tuanze na kanjo. Ni jina la Kiingereza la baraza la mji, lililotafunwa na midomo ya mtaani mpaka likalainika. Nairobi ilipata baraza la manispaa mwaka wa 1919, ikatangazwa jiji 1950, na baraza lenyewe likafikia mwisho 2013 serikali za kaunti zilipoanza kazi. Baraza lilikufa lakini jina likabaki na askari wake. Ukiuliza muuzaji yeyote ni nani aliyembebea bidhaa, hatakwambia ni kaunti. Atakwambia ni kanjo.

Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa nikikatiza Harry Thuku Road karibu kila siku bila kujiuliza huyo Thuku alikuwa nani. Alikuwa opareta wa simu katika ofisi ya hazina ya serikali ya kikoloni. Mwaka wa 1921 walowezi walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Kodi ya kibanda ilikuwa imepanda, na mwanamume Mwafrika hangeweza kutoka nyumbani kutafuta kazi bila kipande. Julai mwaka huo chama cha Thuku, East African Association, kilifanya mkutano Nairobi na kukubaliana juu ya malalamiko yake. Thuku akayatuma London kwa telegramu. Hakupitia kwa chifu. Ukitaka kuelewa kwa nini serikali ilikasirika, anzia hapo.

Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi alikofungiwa. Tarehe 16 wajumbe wao walienda kuongea na wakubwa serikalini, wakarudi na ujumbe kwamba kila mtu aende nyumbani. Mwanamke mmoja, Muthoni Nyanjiru, alikataa na kuwadharau wanaume hadharani kwa woga wao. Umati ukasonga mbele, polisi wakafyatua risasi. Serikali ilihesabu maiti 21, wengine walihesabu wengi zaidi. Muthoni alikuwa miongoni mwa waliokufa. Thuku alipelekwa kizuizini Kismayu.

Ukitoka Harry Thuku Road, baada ya dakika chache kwa mguu uko Muindi Mbingu Street, mtaa wa City Market. Huyu naye alikuja Nairobi na ombi. Mwaka wa 1938 serikali ilikuwa ikiwanyang'anya Wakamba wa Machakos ng'ombe wao kwa nguvu, ikisema malisho yamekwisha na mifugo imezidi. Julai, zaidi ya watu elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, walifunga safari hadi Nairobi wakamwone gavana. Gavana Brooke-Popham hakutaka kuwaona. Basi wakapiga kambi Kariokor, wakakaa. Si siku moja wala mbili, ni wiki kadhaa. Mwishowe gavana ndiye aliyefunga safari kwenda Machakos kuzungumza nao. Muindi Mbingu alikamatwa, akapelekwa Lamu. Lakini kabla ya mwaka kuisha, ule mpango wa kuchukua ng'ombe kwa nguvu ulikuwa umeachwa.

Niliposoma hiyo mara ya pili ndipo nikaona kitu. Thuku na Muindi wote walikuwa na malalamiko ya kweli, yaliyoelezwa vizuri. Ila hakukuwa na sheria yoyote iliyomlazimu gavana kuwajibu. Ombi lilikuwa ombi kama la mtu anayebisha mlango: mwenye nyumba akitaka anafungua, asipotaka anaita polisi.

Uhuru nao haukubadilisha hilo haraka. Mwaka wa 1983 serikali ilivunja baraza la jiji la Nairobi na kuweka tume ya watu walioteuliwa. Mpaka 1992 mkazi wa Nairobi hakuwa na diwani wa kumpelekea shida. Ni katika miaka hiyo, 1989, ambapo chama tawala kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai aliandika barua kwa ofisi moja baada ya nyingine. Bungeni wakamkejeli. Aliendelea kuandika hadi habari zikafika nje ya nchi na wafadhili wakaanza kuuliza maswali. Jumba halikujengwa. Leo ukipumzika kwenye nyasi za Uhuru Park, umelalia barua za mtu.

Sasa njoo kwa Katiba ya 2010. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma. Halafu kuna Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Sehemu ya 15 inasema mtu ana haki ya kuliomba bunge la kaunti litunge sheria, liirekebishe au liifute. Sehemu ya 88 inakupa haki ya kuiomba serikali ya kaunti yenyewe. Kisha sehemu ya 89, ambayo nadhani wachache wameisoma, inasema maombi hayo lazima yajibiwe, na bila kukawia. Muindi Mbingu hakuwa na sehemu ya 89. Alikuwa na Kariokor tu.

Hata sheria inayopitishwa kimyakimya siku hizi inaweza kuanguka. Mwaka wa 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji Odunga alieleza kwamba kaunti inapaswa kuwafikia watu mahali walipo: makanisani, misikitini, kwenye baraza na redio za lugha za mama. Tangazo moja lililofichwa ndani ya gazeti halitoshi.

Na ule mpango niliokuwa nikiutafuta? Niliupata katika sheria ya 2012 ya maombi kwa Bunge la kitaifa, na mabunge ya kaunti hufuata njia inayofanana. Andika kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima. Usifutefute. Sema mmeshajaribu kupata msaada wapi. Sema kama jambo liko mahakamani. Malizia kwa kusema waziwazi mnataka nini. Kila anayetia sahihi aweke jina, anwani na nambari ya kitambulisho, na asiyejua kuandika atie kidole gumba.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa imekosea karibu yote. Ilikuwa na hasira kurasa mbili, lakini haikusema mahali popote tunataka nini. Nikamuuliza Shangazi. Hakufikiria hata sekunde. "Tunataka watuonyeshe hiyo sheria. Na watuonyeshe pa kuuzia." Sentensi mbili. Nikaandika hizo.

Safari hii iligongwa muhuri. Wiki kadhaa baadaye ikaja barua fupi: ombi lenu limepokelewa na linashughulikiwa. Nilifurahi, nikamsomea Shangazi kwa sauti pale stage. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanirudishia macho yake kwenye maembe.

"Hiyo si jibu, hiyo ni risiti."

Nikamsimulia habari za Kariokor. Nilikuwa nataka tu kumpa moyo, lakini yeye alisikia maagizo. Aliuliza kama vikao vya bunge la kaunti ni siri. Nikamwambia hapana, Katiba inasema viwe wazi kwa umma. Basi wakapanga zamu. Kila siku ya kikao, wauzaji wawili wanafunga meza mapema, wanavaa vizuri, wanaenda kukaa pale juu kwenye viti vya wananchi na nakala ya barua yenye muhuri. Hawapigi kelele. Wanakaa tu mpaka kikao kiishe.

MCA wetu ameanza kuwasalimia kwa majina. Kamati imewaita mara moja kuwasikiliza, na nakala ya sheria tumepewa. Mahali pa kuuzia bado. Siwezi kukwambia itaisha vipi, na wapo waliochoka, kwa sababu kila zamu ni nusu siku bila mauzo na watoto lazima wale.

Jumanne ijayo ni zamu ya Shangazi. Jana aliniuliza kama ataruhusiwa kuingia na kile kiti chake cha plastiki. Nimemwambia akiache, viti viko huko.